Rubani wa vita aliyeomba kura kwa jina la mpaka



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mazungumzo yaligeukia siasa kama kawaida yetu. Mama mmoja anayevuka Ruzizi kila asubuhi na beseni kichwani akalalamika kwamba kila anayetaka kiti anaahidi kulinda mpaka, na kama amewahi kuvaa magwanda ya jeshi basi anaahidi kwa sauti kubwa zaidi, lakini hajaona hata mmoja aliyekuja kumuuliza yeye mambo ya huo mpaka. Mwingine akataka kujua kama hayo ni ya kwetu tu, au hata ng'ambo askari hustaafu na kuomba kura kwa jina la mpaka. Na je, yuko mwanamke aliyefanya hivyo?

Yuko. Anaitwa Martha McSally, wa Marekani, jimbo la Arizona. Amegombea mara kadhaa katika muda wa miaka minane, akashinda na kushindwa. Nimempa ukurasa wa juma hili. Kuna mahali katika maisha yake ninamvulia kitambaa, na kuna mahali nilikunja uso. Nitasema yote mawili.

Kwanza tuelewane juu ya desturi za huko, maana si kama zetu. Kwetu askari na polisi hawapigi kura. Kwao askari anapiga kura, ila akitaka kiti cha kisiasa lazima aache kazi ya jeshi. Tena kwetu maseneta huchaguliwa na madepite wa provensi, kwa hiyo mama wa mtaani hajawahi kumpigia seneta kura kwa mkono wake. Kwao, tangu mwaka 1913, seneta anachaguliwa na raia wenyewe, na kila jimbo lina wawili tu. Ndiyo maana mtu anayegombea Seneti huko analazimika kutembea mji kwa mji akieleza atafanya nini.

Martha alizaliwa mwaka 1966, mtoto wa mwisho kati ya watano. Alipokuwa na miaka 12 baba yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo, mama akabaki peke yake na watoto, akafanya kazi ya kufundisha ili wale. Msichana akaingia chuo cha jeshi la anga, akamaliza mwaka 1988. Wakati ule sheria ya nchi yao haikumruhusu mwanamke kurusha ndege ya kupigana. Tena aliambiwa ni mfupi mno kwa urubani, ikabidi aombe ruhusa ya pekee. Sheria ilipolegezwa, yeye alikuwa mlangoni anangoja. Mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kurusha ndege ya kivita katika kazi ya vita, juu ya kusini mwa Iraki. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kikosi cha ndege za kivita katika jeshi lao la anga, kikosi cha ndege za A-10 chenye makao yake Tucson, Arizona. Mwaka uliofuata alikuwa Afuganistani na kikosi chake.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha nguo.

Alipopelekwa Saudia, wakubwa wake walikuwa na amri: mwanamke askari wa Marekani akitoka kambini lazima avae abaya, lile vazi jeusi la kufunika mwili wote, akae kiti cha nyuma cha gari, na asindikizwe na mwanaume. Wanaume askari hawakulazimishwa kuvaa mavazi ya wenyeji, walikatazwa hata. Hebu fikiri: mtu anayeongoza wanaume angani akishuka chini anawekwa kiti cha nyuma, na kijana aliye chini yake kwa cheo anakuwa mlinzi wake. Martha, ambaye ni Mkristo, alilalamika kwa njia za ndani kwa miaka. Hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 2001 akampeleka mahakamani waziri wa ulinzi wa nchi yake mwenyewe, Donald Rumsfeld. Askari anamshtaki waziri wake! Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya kukataza kuwalazimisha wanawake askari kuvaa abaya. Hakufukuzwa. Alistaafu mwaka 2010 akiwa kanali, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Stuttgart, Ujerumani, kwenye kamandi ya jeshi la Marekani inayoshughulikia bara letu la Afrika.

Basi huyo ndiye mtu aliyeingia siasa. Mwoga hakuwa.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Arizona inapakana na Meksiko kwa urefu wa karibu kilomita 600, sehemu kubwa ikiwa jangwa la Sonora. Kuna mji unaoitwa Nogales upande wa Marekani, na mji mwingine unaoitwa Nogales upande wa Meksiko. Wanatenganishwa na uzio tu. Ukitaka kuelewa, fikiria Goma na Gisenyi kama zingekuwa na jina moja. Shangazi yuko huku, mpwa yuko kule, duka liko huku, mteja anatoka kule. Katika miaka ya 1990 uzio wao ulijengwa kwa mabati mazito ya chuma yaliyobaki jeshini, yale yaliyokuwa yakitandazwa chini ili helikopta zitue. Mwaka 2011 yakang'olewa, zikawekwa nguzo ndefu za chuma zenye nafasi katikati, mtu anaweza kumwona mwenziwe wa upande wa pili. Kisha, magharibi zaidi, kuna watu wa kabila la Tohono O'odham, ambao nchi yao ilikuwepo kabla ya Marekani na Meksiko kuchora mstari. Sasa mstari umepita katikati ya watu wao. Wakubwa wao wanaukataa ukuta mpaka leo.

Jangwa hilo linaua. Ofisi ya serikali inayochunguza maiti katika eneo la Tucson imepokea mabaki ya watu zaidi ya 3,000 tangu mwaka 2000, wengi wao wavukaji waliokufa kwa jua na kiu. Wengine ni mifupa tu isiyo na jina. Na upande wa mashariki, katika wilaya ya Cochise, kuna wafugaji wenye mashamba makubwa yanayogusa mpaka. Wanaamka na kukuta nyaya zimekatwa, watu wamepita usiku, pengine wabeba madawa ya kulevya. Mwaka 2010 mfugaji mmoja aliuawa kwa risasi ndani ya shamba lake, na aliyemuua hakupatikana. Nchi nzima ililizungumza. Ninayaweka yote haya pamoja makusudi, kwa sababu mtu akisema tu «mpaka», mama wa Nogales anaona njia ya kwenda sokoni, na mfugaji wa Cochise anaona mtu mwenye bunduki gizani. Wote wawili wanasema kweli.

Kiti ambacho Martha alikitaka kwanza kilikuwa na damu juu yake. Kilikuwa cha mbunge Gabrielle Giffords, ambaye tarehe 8 Januari 2011 alipigwa risasi ya kichwa huko Tucson alipokuwa anazungumza na raia nje ya duka. Watu 6 walikufa, mmoja wao msichana wa miaka 9. Giffords alipona lakini akalazimika kukiacha kiti. Aliyekirithi ni Ron Barber, msaidizi wake, aliyejeruhiwa siku ile ile. Martha alishindana na Barber mwaka 2012, akashindwa kwa kura zisizofika 2,500. Akarudi mwaka 2014. Safari hii kura zilikaribiana hata zikahesabiwa upya, na katikati ya Desemba ikatangazwa kwamba ameshinda. Kwa kura ngapi? Kura 167, kati ya zaidi ya 200,000 zilizopigwa. Wamama, sisi wenyewe tukikusanya vikundi vyetu vya likelemba vya mitaa michache tunaipita hesabu hiyo. Anayesema kura yake moja haina kazi, mwonyesheni namba hiyo.

Bungeni alipewa nafasi iliyomfaa: akawa mwenyekiti wa kamati ndogo ya usalama wa mipaka ya nchi kavu na bahari. Hapo ndipo ninamwona katika ubora wake. Alijua kwamba mlangoni, pale magari na watu wanapopita kihalali, maafisa walikuwa wachache. Mwaka 2015 mswada wake ulikuwa sheria: askari waliostaafu wasaidiwe kuajiriwa haraka kwenye vituo vya mpaka. Ni sheria ndogo, haina kelele. Lakini wanaoijua kazi ya mpaka wanajua mlango wenye wafanyakazi wachache una mambo mawili: foleni ndefu kwa mama mwenye mzigo halali, na upenyo kwa mwenye mzigo haramu. Mfano ulikuja baadaye pale Nogales. Januari 2019 maafisa walisimamisha lori lililobeba matango. Ndani yake, chini ya sakafu, walikuta kilo 115 za fentanili, dawa kali ambayo chembe zake tu zinaua mtu. Wakati huo ulikuwa mzigo mkubwa kuliko wote wa dawa hiyo uliowahi kukamatwa nchini mwao. Haukupita jangwani. Ulipita mlangoni, na waliouona ni mtu, mashine na mbwa.

Kama angebaki na habari hiyo ya milango, maafisa na mbwa, ningemsifu bila kusita. Lakini mwaka 2018 alitaka Seneti, na hapo hadithi inageuka.

Mwaka 2016, Donald Trump alipogombea urais akiahidi ukuta, Martha hakumuunga mkono hadharani. Zaidi ya hayo, sauti ya Trump akizungumza vibaya juu ya kuwashika wanawake ilipotoka, alisema wazi kwamba imemchukiza. Miaka miwili baadaye mambo yalikuwa mengine. Ndani ya chama chake alishindana na wawili waliokuwa wakali kuliko yeye juu ya wahamiaji, mmoja wao Joe Arpaio, yule sherifu wa zamani wa wilaya ya Maricopa aliyehukumiwa kwa kudharau amri ya mahakama na kusamehewa na Trump. Ili apite hapo katikati, Martha akaanza kusogea. Mwaka 2017 alikuwa ameweka jina lake kwenye mswada wa kuwapa njia ya kukaa vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto bila karatasi. Vijana wenye ulinzi wa muda wa aina hiyo walikuwa karibu 700,000 nchini. Mei 2018 akaomba jina lake liondolewe. Akabaki na mswada mwingine mkali aliousimamia na wenzake, wenye pesa za ukuta na kibali kifupi tu cha kuhuishwa kila baada ya miaka mitatu kwa vijana wale. Mswada huo ulikataliwa bungeni mwezi Juni, kura 193 dhidi ya 231. Hata baadhi ya watu wa chama chake hawakuutaka.

Na ni katika miezi hiyo hiyo serikali ya Trump ilipoanza kuwashtaki wote wanaovuka bila karatasi, na kwa kuwa mzazi akienda jela mtoto haendi naye, watoto walichukuliwa. Ndani ya wiki chache zaidi ya watoto 2,000 walitenganishwa na wazazi wao. Wengine walikuwa hawajajua hata kutaja jina la mama yao vizuri. Dunia ikapiga kelele, na tarehe 20 Juni Trump akaweka sahihi ya kusimamisha jambo hilo, lakini kuwatafuta wazazi kulichukua miaka kwa baadhi yao, maana hakuna aliyekuwa ameandika vizuri mtoto huyu ni wa nani. Sikilizeni, si lazima mtu awe mwanasiasa kuona kosa hapo. Hata katika kambi zetu za wakimbizi, tukikimbia usiku, kitu cha kwanza ni kuandika jina la mtoto na jina la mama. Hilo la watoto halikuanzishwa na Martha. Lakini ndilo lililokuwa kwenye mpaka wa jimbo lake alipokuwa akiomba kura za mpaka.

Kabla tu ya siku ya kura, rais alituma askari zaidi ya 5,000 mpakani. Wakafunga nyaya za miiba, zile zenye wembe, juu ya uzio wa Nogales. Viongozi wa mji wa Nogales, upande wa Marekani, hawakufurahi. Februari 2019 baraza la mji lilipiga kura kwa sauti moja kuzitaka nyaya hizo ziondolewe. Walisema nyaya za namna hiyo ni za vitani, mji wao si uwanja wa vita. Watu waliokuwa wakiambiwa wanalindwa ndio waliosema hapana.

Matokeo ya Novemba 2018: Martha alishindwa na mwanamke mwenziwe, Kyrsten Sinema, kwa kura karibu 56,000 kati ya zaidi ya milioni mbili. Na tazameni ramani ya kura, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Wilaya ya Cochise, ya wafugaji, ilimpa Martha ushindi. Wilaya ya Nogales ilimkataa kwa wingi. Ziko kwenye mpaka mmoja, zinapakana. Lakini aliyeamua si Cochise wala Nogales. Aliyeamua ni Maricopa, eneo la mji mkubwa wa Phoenix, mbali na mpaka kwa mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, ambako wapiga kura wa Arizona ni zaidi ya nusu. Kampeni ya mpaka ilifanywa kwa ajili ya masikio ya watu ambao wengi wao hawaamki wakiuona mpaka. Ndiyo sababu maneno yake yalikuwa ya kutisha kuliko yale ya mwenyekiti wa kamati: ukiongea na aliye mbali, foleni ya mlangoni haimwambii kitu.

Alikubali kushindwa kwa adabu, kwa video fupi ameketi kwenye kiti na mbwa wake. Mwezi mmoja baadaye gavana akamteua kukalia kiti cha seneta mwingine, John McCain, askari mstaafu maarufu aliyekufa Agosti 2018. Kwa hiyo mshindi na mshindwa wote wakawa maseneta, wanawake wawili wa jimbo moja.

Mwaka 2019 ulimwonyesha pande zake zote mbili, tena ndani ya majuma mawili.

Tarehe 6 Machi, katika kikao cha Seneti juu ya ubakaji jeshini, aliketi mbele ya wenziwe na kusema kwamba yeye mwenyewe alibakwa, na aliyemfanyia hivyo alikuwa afisa mkubwa wake. Alieleza kuwa wakati ule hakusema kwa sababu hakuwa na imani na wakubwa wala na taratibu zao. Miaka mingi baadaye alipojaribu kusema, namna walivyompokea ilimfanya ajisikie anabakwa mara ya pili, na akataka kuacha jeshi baada ya miaka 18. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Kanali, rubani wa vita, seneta. Sisi wa Bukavu, tulio jirani na Panzi, hatuhitaji kuelezwa kimya cha namna hiyo kinatoka wapi. Wako wamama waliokaa miaka ishirini bila kumwambia hata dada yao. Nilikuwa nimekunja uso juu yake. Siku niliyosoma habari hiyo niliukunjua. Hata hivyo katika kikao hicho hicho alishikilia kwamba makamanda wabaki na madaraka ya kushughulikia kesi hizo, jambo ambalo wanawake wengi waliotendewa hivyo walilipinga. Nami napinga. Mtu anaweza kuwa na jeraha moja nawe na bado akatoka na dawa tofauti.

Tarehe 14 Machi ikaja kura nyingine. Trump alikuwa ametangaza hali ya dharura ili achukue pesa za jeshi ajengee ukuta bila idhini ya bunge. Maseneta 12 wa chama chake walimkatalia, na Seneti ikaikataa dharura hiyo kwa kura 59 dhidi ya 41. Martha alikuwa kati ya wale 41. Alisema amehakikishiwa kwamba miradi ya jeshi ya Arizona haitaguswa. Rais akatumia kura yake ya turufu na dharura ikabaki. Mwezi wa Septemba orodha ikatoka: dolari bilioni 3.6 zimechukuliwa kutoka miradi 127 ya jeshi, na humo mlikuwa na dolari milioni 30 za kambi ya Fort Huachuca. Kambi hiyo iko wapi? Cochise, wilaya ya wale wafugaji waliompigia kura, ndani ya eneo lake la zamani la ubunge. Ofisi yake ilieleza kwamba mradi huo ulikuwa umekwisha kuchelewa kwa sababu nyingine. Labda. Lakini askari aliyemshtaki waziri wake kwa ajili ya nguo hakusimama safari hii.

Mwaka 2020 ilibidi aombe kura kwa kiti alichoteuliwa. Mpinzani wake alikuwa Mark Kelly, naye askari mstaafu, rubani wa jeshi la majini aliyepigana vita vya Iraki mwaka 1991 na baadaye akaenda angani mara nne. Tena ni mume wa Gabrielle Giffords, yule aliyepigwa risasi Tucson. Safari hii magwanda hayakuwa na kazi, kila mmoja alikuwa nayo. Siku chache kabla ya kura, katika mkutano wa Trump karibu na Phoenix, rais alimhimiza apande jukwaani haraka haraka, akimwambia ana dakika moja, watu hawataki kusikia wengine. Akapanda mbio. Mwanamke aliyekataa kiti cha nyuma cha gari! Alishindwa kwa kura karibu 79,000. Maricopa ilimkataa tena, Cochise ilimpa tena, Nogales ilimkataa tena.

Mtaniuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu hivi. Mwaka wa bajeti wa 2016, katika wakimbizi wote waliopokelewa Marekani, Wakongomani ndio walioongoza, zaidi ya 16,000. Wengine wanaishi huko huko Tucson na Phoenix, na Kiswahili chetu kinasikika huko madukani. Hao hawakuruka ukuta wowote. Walingoja miaka katika kambi kama Nyarugusu na Nakivale, wakahojiwa, wakapimwa, wakapanda ndege. Lakini hofu ya mpaka ikiwashwa haichagui. Nafasi za wakimbizi zilizopangwa kuwa 110,000 kwa mwaka 2017 zilishushwa kuwa 45,000 mwaka uliofuata, kisha 30,000, kisha 18,000. Huo ulikuwa uamuzi wa rais na si wa Martha. Ila mama aliyekuwa Nakivale na karatasi zake zimekamilika, akiambiwa angoje tena, alikuwa analipa bei ya kampeni iliyofanyika katika jangwa asilolijua.

Martha hakurudi bungeni. Novemba 2023 jina lake lilisikika tena: alikuwa anakimbia mazoezi kando ya mto Missouri, mwanaume akamshika kwa nyuma na kumpapasa. Akajinasua, akapiga kelele, kisha yeye ndiye akamkimbiza mwanaume huyo mpaka vichakani, akapiga simu polisi. Alikuwa na miaka 57.

Kwa kikao chetu kijacho, kila kundi lilete swali moja la kumuuliza mgombea yeyote atakayekuja kutuhubiria usalama wa mpaka, mwenye magwanda au asiye nayo. Yaandikwe kwenye karatasi, katibu atayakusanya. Mama wa beseni ametoa lake tayari: mlango wa Ruzizi utafunguliwa saa ngapi asubuhi, na ni nani atakayewapekua wanawake?